Kuhamisha Kura ya Mjomba Kutoka Molo Hadi Kisumu: Kazi Fupi Juu ya Ngazi Ndefu

Mjomba wangu alijiandikisha kuwa mpiga kura akiwa Molo, alikokuwa akifanya kazi, na ingawa amekuwa mkazi wa Manyatta hapa Kisumu kwa miaka mingi sasa, jina lake lilikuwa lingali kwenye sajili ya huko. Mwaka 2022 alipanda matatu siku moja kabla ya uchaguzi, akapitia Awasi, Kericho na Mau Summit, akalala kwa rafiki, akapiga kura tarehe 9 Agosti na kurejea kesho yake akilalamika kwamba kwapa zinamuuma kwa sababu ya magongo. Katika karatasi zile sita alizopewa, ni ile ya rais pekee ambayo angepewa pia huku kwetu. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi aliowachagua ni wa wakazi wa Nakuru, wala hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuulizwa kuhusu mtaro unaofurika mlangoni pake kila mvua inaponyesha.

Kwa hiyo, baada ya usajili endelevu wa wapiga kura kurejelewa nchini tarehe 29 Septemba 2025, nilimsindikiza kwenda kuhamisha kura yake. Ofisi tuliyokwenda sitaitaja, kwa kuwa ninachotathmini hapa ni huduma na wala si watu wake, ambao kwa kweli walitupokea vizuri.

Tuktuk ilitushusha mlangoni saa tatu asubuhi, na hapo ndipo tulipogundua kwamba ofisi iko ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti. Tangazo lililobandikwa ukutani lilieleza saa za kazi na kwamba huduma ni ya bure, lakini halikusema lolote kuhusu mtu asiyeweza kupanda. Nilipanda mimi. Karani, kijana wa makamo ya mwanangu, alinisikiliza, akafunga mashine yake, akaishika kwapani na kushuka nayo hadi kwenye baraza ya kinyozi wa chini, ambaye alitupa kiti na soketi bila kuuliza swali. Mjomba alitoa kitambulisho chake halisi, jina lake likatafutwa, fomu ya uhamisho ikajazwa, akatia sahihi. Kama tungehesabu kazi yenyewe tu, haikuzidi robo saa, na hatukutoa hata shilingi moja.

Jambo lililotuchelewesha ni kuchagua kituo. Karani alisoma majina ya vituo vya wadi, na mjomba akamuuliza, "Mwanangu, ni kipi kati ya hivyo ambacho mtu wa magongo anaingia bila kubebwa?" Orodha haikuwa na habari hiyo, ilikuwa na majina tu. Aliyejibu ni dereva wa tuktuk, ambaye alikuwa akitungoja na huwapeleka watoto shuleni kila siku: shule ya kwanza lango lake limekatwa na mtaro mpana wenye ubao mmoja, ya pili madarasa yake yako kwenye mteremko, na ya tatu ni tambarare kutoka barabarani hadi mlangoni. Mjomba akachagua ya tatu. Naona ajabu kwamba dereva anajua jambo ambalo sajili haijui, ilhali Katiba, katika Kifungu cha 82, inataka upigaji kura uwe rahisi na uzingatie mahitaji maalum ya watu wenye ulemavu, na Kifungu cha 83 kinataka mipango ya usajili na ya uchaguzi imwezeshe raia kupiga kura badala ya kumnyima haki hiyo. Safu moja zaidi katika orodha hiyo, ya kueleza lango, ngazi na mteremko, isingemgharimu mtu chochote ila siku ya kuzunguka wadi.

Muda, bei na adabu navipa alama zote. Mahali penyewe siwezi kupapa zaidi ya tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za karani na kinyozi, kwa maana siku karani huyo akiwa likizo sijui mjomba mwingine atashushiwa mashine na nani. Ofisi ingehamia chini, au karani angeketi chini asubuhi mbili kwa juma, ningeandika tathmini nyingine kabisa.

Kwa anayekusudia kwenda: lazima mwenyewe afike, na kitambulisho kiwe halisi. Sheria inataka uhamisho uombwe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na kwa kuwa uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, anayengoja mwezi wa Mei atakuta foleni inayofika barabarani, ngazi zikiwa zile zile. Pitieni kwanza kwenye kituo mnachokitaka, mkatazame lango.