Sungura wa hesabu kwenye simu: uzoefu wangu wa mwezi mmoja

Jamani mi si mtaalamu, nina steshenari tu hapa Ngamiani, Tanga, natoa kopi na kuchapa barua za watu, ila binti yangu yuko la pili na hesabu za kutoa zilikuwa zinamliza, ndo nikapakua hii aplikesheni yenye katuni ya sungura.

Wiki ya kwanza nilitaka kuifuta. Sungura anaongea kama anasoma taarifa ya habari, afu kila jibu hongera, hata mtoto akibahatisha hongera, mpaka akaniuliza "baba, huyu hachoki kunisifia?" Na anacheza kiduku pembeni wakati mtoto ndo kwanza anahesabu vidole, akimwangalia tu namba zimempotea. Nikakumbuka ile klipu ya karatasi yenye macho kwenye Office 97, sie wa zamani tunaijua, unaandika barua yako imeshaibuka kukuuliza kama unataka msaada, watu waliichukia mpaka Microsoft wakaja kuiondoa kabisa kwenye Office 2007. Huyu sungura ni ndugu yake.

Kilichonibakisha ni hatua ya tatu. Pale sungura ndo anakuwa mwanafunzi, anakosea yeye. Anasema 13 toa 6 ni 8, masikio yanalala, anamkodolea mtoto macho. We, binti alivyokasirika! Akaenda jikoni kuchukua machungwa ya Muheza kwenye beseni la mama yake, akapanga 13 mkekani, akatoa sita, afu anaionyesha simu kabisa, "haya hesabu na wewe, saba!" Simu wala haioni kitu, kamera yenyewe haijawashwa, ila nilinyamaza, maana alikuwa anahesabu kwa sauti na hakuna aliyemwambia. Kupekua pekua nikakuta chuo cha Vanderbilt kule Marekani walishatengeneza katuni wa hivyo, anaitwa Betty, wanafunzi ndo wanamfundisha mambo ya mto na viumbe wake, kwa hiyo ujanja huu una wenyewe.

Nawapa nyota 3. Wamtafutie mtu wa kumsemea Kiswahili cha nyumbani, na waweke kitufe cha kumtuliza. Bando halili sana, ukishapakua masomo inaenda bila intaneti.

Jana usiku nataka kuzima simu nikakatazwa, eti sungura bado hajaelewa kukopa.