Huduma za kutuma barua pepe kwa wateja: ipi ulipie, kuanzia bora hadi ya kuepuka

Anayeendesha biashara ya masoko mtandaoni hununua vitu vingi, lakini kimoja ndicho kinachobeba mali yake hasa: huduma inayotunza orodha ya wateja na kuwatumia barua pepe. Ukurasa wa mtandao wa kijamii unaweza kufungwa usiku mmoja bila maelezo. Anwani ulizozipakua kwenye faili lako zinabaki mkononi mwako. Ndiyo sababu huduma hii ichaguliwe kwa hesabu, si kwa uzuri wa violezo vyake.

Kabla hujafungua ukurasa wa bei wa kampuni yoyote, andika namba mbili: una anwani ngapi, na kila anwani itapokea barua ngapi kwa mwezi. Zizidishe. Mwenye anwani 2,000 anayetuma kila wiki anafikisha barua 8,000 hivi kwa mwezi. Mwenzake mwenye anwani idadi hiyohiyo, anayetangaza ofa mara moja kwa mwezi, anatuma 2,000 tu. Hawa wawili wakinunua kifurushi cha aina moja, mmoja wao anapoteza pesa, kwa sababu kampuni hizi hutoza kwa njia kuu mbili: kwa idadi ya anwani unazohifadhi, au kwa idadi ya barua unazotuma. Usisahau pia barua za kiotomatiki. Mfululizo wa kuwakaribisha wageni wenye barua tano, ukipata wageni 300 kwa mwezi, ni barua 1,500 ambazo wengi huzigundua siku kifurushi kinapoisha katikati ya mwezi.

1. Huduma zinazotoza kwa anwani: Kit, MailerLite, Mailchimp

Kwa biashara ndogo inayotuma kila wiki au zaidi, anzia hapa. Unapata fomu za kujisajili, mifululizo ya kiotomatiki, ripoti za mibofyo na wataalamu wanaolinda sifa ya sava zao, vyote mahali pamoja. Kazi ya mwisho ndiyo ya thamani zaidi ingawa haionekani, maana barua isiyofika haina faida hata ikiandikwa kwa ufundi gani.

Mtego wa kundi hili upo kwenye swali moja: nini kinahesabiwa kuwa anwani? Mailchimp huwahesabu hata waliojiondoa, mpaka wewe mwenyewe uwahamishie kwenye kumbukumbu (archive). Pia ukiwa na orodha mbili tofauti ndani ya akaunti moja, mtu aliyemo kwenye zote mbili anahesabiwa mara mbili. Kit, iliyoitwa ConvertKit hadi mwaka 2024, humhesabu mtu mara moja hata akiwa na lebo kumi na amepitia fomu tatu. Kwa anayeuza bidhaa kadhaa kwa wateja walewale, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei unayoiona kwenye jedwali. Ukiamua kutumia Mailchimp, weka orodha moja tu, gawanya watu kwa lebo, na kila mwezi hamishia waliojiondoa kwenye kumbukumbu.

Soma pia maandishi madogo kuhusu kikomo cha barua. Baadhi ya vifurushi vya kulipia kwa anwani vina kikomo cha kutuma kwa mwezi, hivyo anayetuma kila siku anaweza kugonga ukuta.

Usikasirike huduma ikikuuliza tovuti yako ni ipi na anwani ulizipataje kabla ya kukufungulia. Wateja wengi wadogo hutuma kupitia IP za pamoja (IP ni namba inayoitambulisha sava inayotuma), na jirani mmoja anayetuma barua taka huwachafulia wote. Kampuni inayokagua wageni mlangoni inakulinda wewe. Watakaokushawishi kununua IP ya peke yako, wakatalie mpaka utakapokuwa unatuma makumi ya maelfu ya barua kila wiki bila kukatiza. IP mpya haina sifa yoyote machoni pa Gmail, inahitaji kuzoeshwa polepole, na mtumaji mdogo hana wingi wa kuijengea jina.

2. Huduma zinazotoza kwa barua: Brevo

Ukiwa na orodha ndefu unayoisalimia mara chache, hapa ndipo pako. Brevo, iliyojulikana kama Sendinblue hadi 2023, hupima zaidi kile unachotuma kuliko unachohifadhi. Inafaa pia kwa duka la mtandaoni, kwa kuwa risiti na uthibitisho wa oda vinaweza kupita humohumo.

Kifurushi chake cha bure kina kikomo cha barua 300 kwa siku, na watu hukidharau kikomo hicho wakati wa kupanga kampeni. Orodha ya watu 1,000 itahitaji siku nne kumfikia kila mtu. Ofa ya saa 24 itakuwa imekwisha kabla wateja 700 kati yao hawajaisikia. Kifurushi cha bure kitumie kwa majaribio na kwa mfululizo wa kukaribisha, siyo kwa ofa yenye saa.

Kama risiti na matangazo yako yanatoka kwenye huduma moja, yatenganishe kwa vikoa vidogo (subdomain, yaani matawi ya kikoa, jina la tovuti yako): kimoja cha risiti, kingine cha matangazo. Tangazo likilalamikiwa, risiti za watu waliokwisha kulipa hazitavutwa nalo kwenye folda ya spamu kirahisi.

3. Programu yako mwenyewe juu ya Amazon SES: listmonk, Sendy, Mautic

Kwa orodha kubwa, hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya hii. Imewekwa nafasi ya tatu kwa sababu unalipia kwa muda wako. Programu inakaa kwenye sava yako, Amazon SES, huduma ya Amazon ya kutuma barua pepe, inabeba barua. Usijaribu kutuma moja kwa moja kutoka kwenye sava hiyo: kampuni nyingi za sava za wingu huziba mlango namba 25 (port 25) unaopitisha barua pepe, na hata ukifunguliwa, IP yako haina jina.

Akaunti mpya ya SES huanza ikiwa imefungiwa: barua 200 kwa saa 24, moja kwa sekunde, tena kwa anwani ulizothibitisha wewe tu. Inabidi uombe kufunguliwa. Kwenye ombi eleza kwa sentensi kamili watu wanajisajili wapi, utatuma mara ngapi, na utashughulikia vipi barua zinazorudi na malalamiko. Jibu la maneno mawili hukataliwa.

Ukishafunguliwa, uangalizi ni mkali. Barua zinazorudi zikifika asilimia 5 akaunti inaweza kuwekwa chini ya uchunguzi, zikifika 10 inaweza kusimamishwa. Kwa malalamiko ya spamu, viwango ni asilimia 0.1 na 0.5. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa unganisha taarifa za SES na programu yako ili anwani mbovu zifungiwe zenyewe. Anayesahau hatua hii huendelea kuzitumia anwani zilizokufa kila wiki, na akaunti yake inaweza kufungiwa.

Kati ya programu tatu, listmonk ni nyepesi: faili moja la programu pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL, nzuri kwa jarida la kawaida. Sendy hulipiwa mara moja na hukaa kwenye upangishaji wa kawaida wa PHP na MySQL. Mautic hufuatilia tabia za mteja kwenye tovuti na kujenga mifululizo mirefu, lakini inategemea kazi za cron, yaani kazi zinazojiendesha kwa ratiba kwenye sava. Kazi hizo zikisimama, makundi hayasasishwi na kampeni zinalala kimya bila kutoa onyo lolote. Ukichagua Mautic, weka kipimo cha kukuarifu cron ikikosa kukimbia. Na kwa programu yoyote, nakala ya hifadhidata ihifadhiwe kila siku nje ya sava hiyo.

4. Programu-jalizi ndani ya tovuti: MailPoet

Inafaa kwa tovuti ya WordPress yenye orodha ndogo, mradi utume kupitia huduma yake ya kutuma barua au SES. Ukituma kupitia sava ya upangishaji wa pamoja, kuna kikomo cha barua kwa saa na IP unagawana na tovuti usizozijua.

5. Gmail ya kawaida na nakala fiche (BCC)

Usiitumie. Gmail ya binafsi huruhusu wapokeaji 500 kwa siku, akaunti ya Google Workspace barua 2,000. Ukipita, kutuma kunafungwa hadi saa 24, na hata mteja aliyekuuliza swali hutaweza kumjibu. Hakuna kiungo cha kujiondoa, kwa hiyo aliyechoka anabonyeza kitufe cha spamu.

Orodha za kununuliwa ni mbaya kuliko hiyo. Ndani yake kuna anwani za mtego zilizotegwa makusudi kukamata watumaji wa barua taka, na huduma karibu zote hapo juu hukataza orodha za aina hiyo katika masharti yao.

Rekodi tatu ambazo ni jukumu lako kuhakikisha zimewekwa

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo hudai uthibitisho wa mtumaji. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF (orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako), DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (agizo la nini kifanywe barua ikishindwa ukaguzi huo), aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, awaondoe walioomba ndani ya siku mbili, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Lenga chini ya 0.1. Hata ukiwa na wateja 200, weka zote tatu.

Nunua kikoa chako kwanza. Usiweke anwani ya gmail.com kama mtumaji: huduma haiwezi kusaini kwa niaba ya kikoa cha Google, na barua itashindwa ukaguzi wa DMARC. Kisha ingia kwenye paneli ya DNS, mahali zinapowekwa rekodi za kikoa.

DKIM kwa kawaida huja kama rekodi mbili au tatu za CNAME (zinazoelekeza jina moja kwenye jingine) za kunakili. Kosa la kila siku ni kubandika jina zima wakati paneli nayo inaongeza kikoa mwishoni, hivyo rekodi inaishia na kikoa mara mbili na huduma inasema haijaiona. Bandika sehemu ya mbele tu, kabla ya kikoa. Ukitumia Cloudflare, zima upitishaji wa wakala kwenye rekodi hizo, yaani ile alama ya wingu iwe ya kijivu.

SPF ni rekodi moja ya TXT (ya maandishi) kwa kila kikoa. Huduma ya pili haipewi rekodi ya pili. Sehemu yake ya include huongezwa ndani ya ileile iliyopo. Rekodi mbili zinazoanza na v=spf1 huvunja ukaguzi wote. Na mwisho wa utafutaji wa DNS ndani ya SPF ni mara 10, kwa hiyo futa huduma ulizoacha zamani.

DMARC anza na p=none (angalia tu, usizuie) pamoja na anwani ya kupokelea ripoti. Zisome kwa wiki kadhaa, hakikisha barua zako zote halali zinapita, ndipo upandishe hadi quarantine (barua iliyoshindwa iende kwenye spamu).

Majaribio kabla ya kulipia mwaka mzima

Lipia mwezi mmoja kwanza. Ingiza anwani kumi unazozimiliki au za wenzako wa kazini, za Gmail, Outlook na Yahoo, kisha tuma. Kwenye Gmail fungua barua asilia kupitia menyu ya nukta tatu: SPF, DKIM na DMARC zote zisome PASS. Angalia ukubwa wa barua pia, kwani Gmail hukata ujumbe unaozidi kilobaiti 102, na kinachokatwa huwa ni mwishoni, palipo na kiungo cha kujiondoa.

Halafu pakua orodha yote kwa CSV (faili la jedwali). Tarehe ya kujisajili imo? Chanzo cha kujisajili? Hali ya kila mtu, yaani waliomo, waliojiondoa, zilizorudi? Huduma isiyokupa tarehe na chanzo inakunyima ushahidi wa ridhaa, na kwa wateja wa Umoja wa Ulaya ushahidi huo unadaiwa na sheria ya ulinzi wa data ya GDPR tangu Mei 2018. Mifululizo ya kiotomatiki mara nyingi haipakuliki kabisa, kwa hiyo nakili maandishi yake kwenye faili lako mwenyewe unapoyaandika.

Usichague huduma kwa sababu ripoti yake inaonyesha watu wengi wamefungua barua. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple hupakia picha za barua yenyewe kwa watumiaji waliowasha ulinzi wa faragha, na ripoti husoma kwamba mtu amefungua hata kama hajaigusa. Linganisha mibofyo na mauzo.

Kama unahama kutoka huduma nyingine, hamisha kwanza orodha ya waliojiondoa na uiingize kama waliozuiwa. Ndipo uingize waliomo, ukianza na waliobofya ndani ya siku 90, kwa mafungu yanayokua: 200, 500, 1,000, kisha waliobaki, kwa wiki mbili hivi. Akaunti ya zamani usiifunge siku hiyohiyo. Viungo vya kujiondoa kwenye barua ulizokwisha kutuma bado vinaelekea kule, na kwa wapokeaji wa Marekani sheria ya CAN-SPAM inataka viendelee kufanya kazi kwa angalau siku 30 baada ya barua kutumwa. Kila wiki ndani ya siku hizo, pakua waliojiondoa kule na uwaongeze kwenye orodha ya waliozuiwa huku.