Sanduku la vyombo vya wageni: pima kitako, si mdomo

Kila Idi ikipita, kila kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe) ikiisha, wasomaji huleta lalamiko lile lile. Wamenunua sanduku la lita 60 la kuwekea vyombo vya wageni, dukani lilionekana litameza kila kitu, lakini nyumbani sahani za kulia hazilali chini safu mbili. Zinakwama njiani, zinainama, na ya juu inapata ufa. Rangi na magurudumu sitayagusa, maana hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Kinachoua sahani ni mteremko wa kuta.

Masanduku mengi ya plastiki ni mapana mdomoni na membamba kitakoni, ili yakiwa matupu yapachikwe moja ndani ya jingine na lori moja libebe mengi. Faida hiyo ni ya mwenye lori na mwenye duka, nawe unabaki na hasara mbili. Kwanza, lita huhesabiwa hadi mdomoni, ilhali sahani hukaa kitakoni. Sahani ya kulia ina kipenyo cha sentimita 26 au 27, kwa hiyo safu mbili zinataka sentimita 54, na 2 zaidi za kupitisha vidole. Sanduku lenye mdomo wa sentimita 60, kuta zikiingia ndani sentimita 4 kila upande, limebaki na 52. Pili, ukiyapandanisha yakiwa yamejaa, kitako chembamba cha la juu hutua katikati ya kifuniko cha la chini badala ya kuegemea kuta zake. Kifuniko hubonyea, vibano hufyatuka, na mende hawangoji kadi ya mwaliko.

Basi nenda dukani na sahani yako moja. Ilaze chini kabisa, weka alama inapoishia, kisha uisogeze upande wa pili. Muuzaji akicheka, acha acheke.

Chaguo la kwanza ni sanduku la plastiki lenye kuta zilizosimama wima, la lita 40 hadi 50. Usitamani kubwa zaidi: sahani 24 za kauri za gramu 600 hivi kila moja ni kilo 14 na ushee, mzigo ambao mtu mmoja anaunyanyua bila kuita jirani. Geuza sanduku uone ile pembetatu yenye namba ya aina ya plastiki. Namba 5 ni polipropilini, inayopinda kabla ya kuvunjika. Namba 6 ni polistirini, inang'aa sana na inapasuka ukiiangusha mara moja. Upendeleo wangu siufichi: nikikuta la Nice House of Plastics lenye kuta wima, sitazami jingine. Ni kampuni ya hapa hapa Uganda, na heri hiyo kuliko mali ya kontena isiyo na jina wala mwenyewe.

La pili ni sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, ambalo mafundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala, watakuchongea kwa kipimo chako. Kuta zake zimesimama na panya hatoboi. Ubaya wake ni kutu, inayoanzia chini sakafu ya saruji inapotoa unyevu wakati wa mvua. Liinue juu ya vipande viwili vya mbao. Mwambie fundi akunje kingo za ndani, la sivyo vitambaa vya meza vitachanika. Tena usiende wiki ambayo shule zinafunguliwa. Bati ni lile lile, bawaba zile zile, lakini bei inaruka kwa sababu wazazi hawana pa kukimbilia.

Kabati la kioo la sebuleni nimeliweka la tatu, ingawa ndilo ghali kuliko yote. Chombo kinachoonekana hutumiwa kila siku, na siku ya wageni dazeni imebaki tisa. Beseni na gunia la nailoni ni vya sufuria na masinia, basi. Kwa glasi, katoni ya chupa yenye vigawanyo vya ndani inatosha.

Kabla ya kufunga, acha vyombo vikauke usiku kucha. Unyevu uliofungiwa huzaa ukungu kwenye vijiko vya mbao na kwenye vitambaa. Naftalini usiitie humo, harufu yake itaingia kwenye chai. Chupa za chai na hotipoti zikae na vifuniko wazi, nje ya sanduku. Andika idadi kwenye ubavu mfupi, "sahani 24, bakuli 24", kwa kuwa maandishi ya juu ya kifuniko hufunikwa na sanduku jingine. Tone la rangi ya kucha chini ya kila sahani litairudisha ile iliyoondoka na pilau kwa jirani.

Sasa bei. Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla jijini Kampala, wanauza kwa dazeni, na anayetaka moja hutozwa bei ya uso wake: umevaa viatu vizuri, umeongezewa. Ungana na majirani mchukue dazeni mgawane. Na hakuna tabia mbaya kuliko ya kijana wa dukani kutoa kifuniko kutoka rundo jingine akisema "vyote saizi moja, mama". Kibane pande zote nne pale pale, nyanyua sanduku kwa kifuniko chake, na kama kibano kimoja kinaachia, usilipe.