TAHADHARI: Waranti za yadi za magari, someni upande wa nyuma!

Jamani, naandika nikiwa na hasira, na aibu pia. Lile gari mlilonipongezea limelala gereji, na yule kijana wa yadi hapokei simu zangu.

Wanaosema nilikurupuka wangekuwepo siku ile. Kanipokea kwa "shikamoo mama" ya adabu kabisa, kaniletea maji, kafungua boneti mwenyewe. Akachomoa stiki ya oili, akaipangusa kwa tishu nyeupe mbele yangu: "Ona mama, safi." Ndipo akatoa karatasi yenye muhuri wa bluu: WARANTI MIEZI 6, INJINI NA GIABOKSI. Akaweka kidole juu ya neno giaboksi. "Ikisumbua, lilete hapa, hutoi hata shilingi." Fundi wangu mnajua alikuwa msibani, na gari lilishapita ukaguzi wa TBS, Shirika la Viwango. Nani asingeamini?

Kupanda kilima cha Goba, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halisogei. Nyuma yangu honi tupu, mtoto analia.

Nikampelekea. Akaigeuza ile karatasi bila aibu. Nyuma kuna vijiherufi vya kijivu: solenoidi, sensa, sili, vile vipuri vidogo vya giaboksi, vyote havimo. Eti waranti ni ya zile gia za chuma tu! Tena oili nilimwaga kwa fundi wangu badala ya gereji yao, kwa hiyo "imejifuta". Na miezi yenyewe walianza kuihesabu siku nilipotoa advansi, wakati gari lilikaa kwao likisubiri namba. Matengenezo 1,800,000. Hela ya ada ile, wanangu.

Mtu huyu hafai kuwa mtaani. Mzee wa watu akiuziwa hivi na pensheni yake je? Afungiwe yadi, arudishe hela za watu, alale ndani.

Dalili zilikuwepo: risiti ya kuandika kwa mkono, hakuna ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jina la kwenye risiti si la kwenye waranti. Nilipoomba karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye daraja na kilomita, akasema iko kwa bosi. Na TBS wanakagua kama gari ni salama barabarani, hawakudhaminii giaboksi.

Kama nawe umelizwa yadi ya namna hii, njoo inbox na karatasi zako. Jumatatu naenda FCC, Tume ya Ushindani inayolinda walaji, na kuhusu risiti napita TRA, watu wa kodi. Sitaki kwenda peke yangu.