Simu iliyokataa kuwaka: uzoefu wangu na fundi aliyepima kabla ya kutaja bei

Simu yangu ilizimika usiku ikiwa na chaji zaidi ya nusu, na asubuhi haikuwaka tena. Haikutetemeka, haikuonyesha nembo wala alama ya betri, hata nilipoichomeka kwenye chaja. Kazi yangu ni ushonaji, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na vipimo vya wateja wangu vya karibu miaka mitatu: mabega, vifua, viuno, urefu wa mikono, pamoja na picha za nguo ambazo bado nilikuwa sijazikabidhi. Simu nyingine ningeipata. Nilichohitaji ni kile kilichokuwamo ndani ya hii.

Kabla ya kwenda kwa fundi nilifanya yale yanayowezekana nyumbani, na ninayaeleza kwa sababu mara nyingi tatizo huishia hapo. Nilisafisha tundu la chaji taratibu kwa kijiti cha mbao, kwani nyuzi za nguo hujishindilia humo hadi waya ukashindwa kuingia sawasawa. Nilibadili waya na kichwa cha chaja, nikaiacha simu kwenye umeme kwa saa nzima, maana betri ya lithiamu iliyoishiwa kabisa hupokea chaji kidogo kidogo mwanzoni, na skrini inaweza kubaki giza kwa muda kabla ya kuonyesha chochote. Kisha nikashikilia kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguzia sauti kwa takriban sekunde 20, njia ambayo katika simu nyingi huilazimisha iliyoganda ianze upya. Mwisho nikaipigia kwa simu ya mwenzangu, kwa sababu kama ingeita huku skrini ikiwa nyeusi ningejua kuwa kilichoharibika ni kioo tu. Nikajibiwa kuwa nambari haipatikani.

Fundi wa kwanza aliishika simu kwa muda usiozidi dakika mbili. Aliichomeka kwenye chaja yake, akabonyeza kitufe, akaniambia kuwa bodi, yaani kile kibao cha ndani chenye saketi zote za simu, imekufa na kwamba ama nibadilishiwe bodi nzima au ninunue simu mpya. Nilipomuuliza kuhusu kumbukumbu zangu, alisema zingehamishiwa kwenye bodi mpya. Jibu hilo halikuwa sahihi, na hapa ndipo mtu anaweza kupoteza vitu vyake moja kwa moja. Picha na maandishi hukaa kwenye chipu iliyo juu ya bodi yenyewe, na katika simu za miaka ya karibuni hufungwa kwa ufunguo wa siri unaotegemea prosesa, yaani ubongo wa simu, ya bodi hiyohiyo. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019 na matoleo yaliyofuata zinalazimika kuwa na ulinzi huo. Hata ukiing'oa chipu na kuibandika kwenye bodi nyingine, haisomeki. Kwa hiyo kubadili bodi, kwa mwenye shida kama yangu, ni sawa na kununua simu mpya iliyovalishwa ganda la zamani.

Fundi wa pili ndiye ninayeandika habari zake hapa. Aliniuliza simu ilizimika vipi, ilikuwa imewekwa wapi, na kama kuna kitu ndani ambacho siwezi kukipoteza. Alitoa trei ya laini na kuniangazia tundu lake: kile kibandiko kidogo cheupe kilichomo kilikuwa kimegeuka chekundu, dalili kwamba unyevu uliingia. Sikuwahi kuiangusha simu majini, lakini kila siku niliilaza kwenye meza ya kupigia pasi, karibu na pasi ya mvuke. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo kabisa.

Aliifungua mbele yangu, baada ya kupasha moto gundi ya mfuniko wa nyuma hadi ilipolainika. Aliitoa betri, akaiunganisha bodi na mashine ya kutolea umeme, akaniomba nitazame namba. Bodi isiyo na hitilafu haipaswi kunywa umeme wowote wa maana kabla kitufe hakijabonyezwa, lakini hii ilianza kuunywa mara tu ilipounganishwa. Hiyo ni shoti, akasema, yaani umeme unapita mahali usipopaswa, na betri ilikuwa imejifungia yenyewe ili isiendelee kuilisha. Alipunguza umeme hadi kama volti 1, akaelekeza kamera ya joto juu ya bodi, na nukta moja ikang'aa kuliko nyingine zote: kapasita (kijipande kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi) ndogo sana, haifiki hata milimita moja kwa urefu. Aliiondoa chini ya hadubini, akapima tena, shoti ikawa imekwisha. Ndipo akataja bei, ambayo kwa jumla haikufika robo ya bei ya simu mpya ya aina ileile.

Mimi pia ninaitwa fundi, na sikati kitambaa cha mtu kabla ya kumpima. Ndiyo maana niliridhika na kazi hii hata kabla simu haijawaka. Aliweka kapasita nyingine, akasafisha kutu iliyokuwa imeanza pembeni, na kunishauri nibadili betri kwa kuwa ilikuwa na miaka minne na ilianza kuvimba. Sikubishana, kwani betri iliyovimba haifai kurudishwa ndani. Wala hakuniomba nenosiri: nililiandika mwenyewe, nikafungua vipimo vyangu, nikavikuta vyote.

Ninayo malalamiko mawili. Aliahidi siku moja, kazi ikachukua siku tatu, na sikupewa taarifa mpaka nilipokwenda mwenyewe. Pia hakunieleza mapema kwamba mfuniko ukishafunguliwa simu haiwezi tena kutegemewa kuzuia maji kama ilivyotoka kiwandani. Nililijua nilipouliza wakati wa kulipa. Mteja anastahili kuambiwa hilo kabla gundi haijapashwa moto.

Kama simu isingekuwa na kitu ninachokihitaji, na kama ingekuwa imeshaacha kupokea masasisho ya usalama, ningenunua nyingine bila kusitasita, na fundi huyo alinishauri vivyo hivyo alipoona umri wake. Hii yangu bado inapokea masasisho. Sasa ni wiki ya saba tangu itengenezwe: inawaka, chaji inafika jioni, vipimo vimenakiliwa kwenye kompyuta, na wakati wa kupiga pasi huwa iko kwenye rafu upande wa pili wa chumba.