Mr. Vampire (1985): bana pumzi, na kagua mchele wako

Nakala ya kwanza niliuziwa mtaani. Picha ina ukungu, na waigizaji wamepachikwa sauti za Kiingereza kama za katuni. Nusu saa haikufika, nikazima. Mwezi uliopita nimepata iliyosafishwa, yenye Kikantoni chake na tafsiri chini, ndipo nikaelewa kwa nini watu wanaisifu filamu hii ya Hong Kong ya Ricky Lau.

Ni filamu ya mnyonya damu, ila usitegemee yule bwana wa joho jeusi, Dracula. Huyu ni jiangshi: maiti iliyokakamaa, imevaa vazi la ofisa wa enzi ya wafalme wa Qing wa China, mikono imenyooshwa mbele, inarukaruka miguu pamoja kwa sababu viungo havikunjiki. Inakuwinda kwa pumzi zako. Ukizibana, inakupita. Ukiibandika karatasi ya njano yenye maandishi ya kiganga kwenye paji la uso, inaganda palepale.

Raha ya filamu ni kwamba masharti haya hayafanyiwi utani hata kidogo. Kichekesho kinaletwa na watu wanaoyavuruga. Mganga wa Kitao, dini ya jadi ya Wachina (anaigizwa na Lam Ching-ying, nyusi zimeungana, uso mkavu) anawaagiza wanafunzi wake wawili walipige jeneza mistari kwa uzi wa seremala uliochovywa kwenye wino na damu ya kuku, ili maiti isitoke. Wanapiga juu na ubavuni, chini wanasahau. Matokeo yake unayajua. Mmoja anajeruhiwa, dawa ni mchele wa kunata, mwenzake anatumwa kuununua, na mwenye duka anamchanganyia na mchele wa kawaida. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nani kati yetu hajawahi kuuziwa “Kyela safi” halafu sufuria ikatoboa siri?

Kasoro ipo. Kisa cha mzuka wa kike anayempenda mwanafunzi mmoja ni kama filamu nyingine iliyoingia bila hodi, ingawa msafara wake wa usiku na zile sauti za watoto wakiimba unasisimua mwili. Mkuu wa polisi naye anabwata mno.

Niliirudia na mdogo wangu, anayejisifu hatishiki na filamu za zamani. Maiti ilipoanza kunusanusa chumbani nikamtupia jicho: mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, hapumui.