Pikipiki iko gereji: uazime ya rafiki au upande baiskeli?

Fundi akisema siku 2, mimi huhesabu 4, maana kipuri kikikosekana injini hubaki imefunguliwa. Utafikaje kazini?

Kwa gharama, baiskeli inashinda: hainywi mafuta. Pikipiki ya kuazima huonekana ya bure, lakini uungwana ni kuirudisha na tangi limejaa, na ukiikwaruza deni ni lako. Uliza pia kama bima inamhusu dereva mwingine. Kisha izungushe kwanza mahali patupu. Klachi ya mwenzio huenda inashika mwishoni kabisa unapoiachia, yako ilishika mapema. Kwenye foleni, tofauti hiyo ndogo inakuzimia injini katikati ya magari.

Uhakika? Safari ndefu au yenye mzigo, pikipiki haina mpinzani, ila mwenyewe anaweza kuihitaji asubuhi ileile. Baiskeli haidaiwi: kilomita 8 kwa mwendo wa 16 kwa saa ni nusu saa.

Matunzo yake ni upepo, breki na tone la oili kwenye mnyororo.

Kama kazini huwezi kufika umelowa jasho, azima. Kama kazini si mbali, na barabara ina nafasi pembeni, kanyaga pedeli.